Takwa tulienda mchana, lakini tuliifikia usiku barazani

Assalaam aleikum wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu wa kilabu. Nimeombwa niseme kidogo juu ya matembezi yetu ya Takwa, yale magofu ya mji wa kale kisiwani Manda, lakini safari yenyewe wengi mlikuwemo chomboni mnaijua, kwa hivyo mimi nitasemea kile kikao cha usiku wake hapa mtaani Langoni, Amu, kahawa na kaimati, manake kwangu mimi hapo ndo safari ilipokolea.

Cha kwanza kutajwa hakikuwa magofu, kilikuwa maji. Si mnajua Takwa iko Manda upande wa pili, mashua yapita kwenye mkono wa bahari katikati ya mikoko, na ukipwa mkono ule wabaki tope tupu, basi waingia maji yakijaa na watoka kabla hayajakuacha. Nahodha alikuwa atuita toka kuleee na sisi tuko ndani ya magofu twapigana picha. Mmoja akasema tulichelewa kwa sababu ya picha, mwengine akasema la, ni ule wali uliochelewa kuiva, ikawa mabishano makubwa mpaka mzee wetu, yule aliyewahi kuendesha majahazi ya boriti, akaingilia. Na yeye Takwa hakwenda, miguu haimruhusu kupanda chombo siku hizi! Akatueleza vile walivyokuwa wakiuangalia mwezi, ukiandama au ukiwa mpevu basi ni bamvua, maji yajaa sana na yapwa sana, na katikati hapo ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na vile boriti zetu za mikoko zilivyokuwa zikienda Arabuni na upepo wa kusi na vyombo vikirudi na ule wa kaskazi. Vijana midomo wazi. Wameishi na bahari hii miaka yote na hakuna aliyewahi kuwakalisha akawaambia.

Halafu likaja kaburi, lile la nguzo, lenye tarehe ya 1094 Hijria, yaani mwaka 1682 au 1683 hivi kwa hesabu ya kizungu. Mama mmoja mzaliwa wa Shela akasema kwao watu wahesabu wazee wao walitoka Takwa, na nyanya yake alikuwa akienda na wenziwe kuomba dua ya mvua pale kaburini. Kimya kikaingia. Mtoto mdogo akauliza, sasa kama walihama, milango yao walienda nayo? Swali zuri sana lile, mimi bado nalifikiria. Wakubwa wakaanza, huyu asema visima viligeuka chumvi, huyu asema ni vita na mji wa Pate, na hayo mawili kweli ndiyo yanayotajwa sana, ila kuhusu milango hakuna aliyekuwa na jibu.

Sasa hoja yangu. Siku hizi twarudi kwenye matembezi kila mtu atupa picha zake kwenye gurupu la WhatsApp, zapata vimoyo viwili vitatu, kesho zimefunikwa na matangazo ya mazishi na harusi, kwisha. Picha zile sizichukii, lakini picha haikuambii kuhusu bamvua wala dua ya nyanya. Aliyekaa omo, mbele ya chombo, aliona kitu, waliopika waliona kingine, na waliobaki nyumbani ndio wenye kujua zaidi kuliko sote, sasa tusipokaa pamoja kila mtu abaki na kipande chake na wazee wetu waondoka na vyao. Naumia nikilifikiria hili, nasema kweli, manake tumeshawazika wengi.

Kwa hivyo naomba hivi. Pesa ya kahawa ihesabiwe ndani ya mchango wa chombo, isiwe jambo la mtu kujitolea. Wazee wasioweza kusafiri wafuatwe majumbani waletwe barazani, na wakikubali wenyewe, kijana mmoja aweke simu kati arekodi sauti.

Safari ijayo tumesema Siyu, kisiwani Pate, kuona ngome na kuonana na mafundi wa ngozi, na kule nako njia ya mikokoni yataka maji yajae, basi tarehe mzee wetu atuchagulie yeye kwa mwezi wake. Mchango upelekwe kwa mweka hazina, na anayemjua mzee wa Siyu anayeishi hapa Amu anipe jina lake leo kabla hatujatawanyika, nikamtembelee mwenyewe.