Meli Yenye Miguu na Mwera wa Matema

ATUPELE: Karibuni tena, wasikilizaji. Tuko Mbeya, baridi ya Julai kama mnavyoijua. Kaka Ambokile, mara iliyopita tulizungumzia mitambo ya upepo ya Mwenga, kule Mufindi. Leo unatupeleka baharini, kuona kompyuta inavyosaidia kuchagua saa za utulivu za kufunga mitambo?

AMBOKILE: Ndiyo, dada Atu. Mwenga ni mitambo mitatu, kila mmoja kilowati 800, na winchi iliyoiinua ilisimama kwenye ardhi ngumu. Sasa nenda Dogger Bank, Bahari ya Kaskazini, upande wa Uingereza. Mtambo mmoja ni megawati 13. Panga lake moja lina mita 107, limeupita uwanja wa mpira.

ATUPELE: Na winchi inasimama wapi?

AMBOKILE: Kwenye meli yenye miguu! Ikifika inaishusha mpaka sakafu ya bahari, inajiinua juu ya maji, inakuwa jukwaa. Hatari iko pale mguu unapogusa chini: mawimbi yakiwa makubwa, meli inapanda na kushuka, mguu unajigonga. Kisha panga likiwa hewani, upepo ukizidi, linayumba, na mafundi wako juu wanalenga bolti ziingie matunduni. Kwa hiyo wanasubiri. Siku moja, siku tano. Na meli inalipiwa hata ikikaa bure.

ATUPELE: Baba mkubwa wangu alikuwa mvuvi Matema, Ziwa Nyasa. Alfajiri anatazama ziwa upande wa kusini, anasema, "Mwera unakuja," yaani ule upepo mkali wa kusini, na mtumbwi hautoki. Sisi watoto tuliona maji yametulia tuli.

AMBOKILE: Umenirahisishia kazi. Ujifunzaji wa mashine, yaani kompyuta kujifunza kutokana na yaliyopita, ndio huo. Programu ya kompyuta inapewa kumbukumbu za miaka: boya lilipima mawimbi gani, utabiri ulisemaje, meli iliyumba kiasi gani. Taratibu inajua utabiri hukosea wapi katika eneo lile, halafu inakadiria saa ngapi za utulivu zinakuja.

ATUPELE: Ikikosea je? Kuna watu chini ya lile panga.

AMBOKILE: Hapo mimi sikubali mzaha. Programu nzuri haitoi jibu moja tu, inasema na uhakika wake ni kiasi gani. Hali ambayo haimo kwenye kumbukumbu zake inaweza kuipotosha kabisa. Ndiyo maana neno la mwisho ni la nahodha na msimamizi wa winchi, nao wawe na ruhusa ya kusema hapana bila kuogopa hasara ya tajiri.

ATUPELE: Baba mkubwa hakuwahi kuandika hata mstari mmoja. Alifariki na mwera wake wote kichwani.

AMBOKILE: Pole, dada. Hilo linaniuma, kwa sababu mashine haijifunzi kisichoandikwa. Nani anavua sasa pale kwenu?

ATUPELE: Mwanawe. Alianza kutoka naye ziwani angali mdogo.

AMBOKILE: Basi tumpigie kipindi kijacho. Nataka atueleze anaona nini kwanza, maji au mawingu. Nitakuja na daftari.