Visa ya Marekani na Programu za Bangalore

Walionisikia kwenye kumbi nyingine wanajua nitakachosema, kwamba biashara ya programu huanza na visa ya kumpeleka kijana kwa mteja; wanivumilie.

Husemwa India ilijenga biashara ya programu za kompyuta kwa Kiingereza, hesabu na mishahara midogo. Sawa. Kiingereza Waganda wanacho, na mishahara midogo, jamani, hata hapa Tanga ipo. Mimi naongeza jambo ambalo halikupitishwa na bunge la India: sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1990.

Ndiyo iliyozaa visa ya H-1B, ya wataalamu wa kigeni kufanya kazi Marekani: watu 65,000 kwa mwaka, miaka mitatu, ikiongezwa inafika sita. Kuelekea mwaka 2000, mabenki yakiogopa kompyuta zisome 00 kama 1900, wataalamu wakatafutwa na idadi ikapandishwa hadi 115,000, baadaye 195,000. TCS na Infosys, kampuni za programu za India, zikapata upenyo.

Tazameni kazi yenyewe. Mhandisi wa Kihindi yuko New York, ofisini kwa mteja. Mchana ameketi ubavuni mwa karani wa benki, anaonyeshwa ripoti inayogoma kujumlisha. Jioni anaandika kila kitu, anatuma Bangalore, kwao India. Kule kunakucha, wenzake wanaidaka. Yeye akiamka, ripoti imepona, na mteja anadhani wamefuga majini! Huyo mmoja analeta kazi ya wengi walioko nyumbani. Mnyime visa, hao wengi watapewa kazi na nani?

Halafu kuna hili ninalolipenda. Vijana walijazana kusoma kompyuta kwa tamaa ya visa. Visa hazitoshi, ikawa bahati nasibu. Walioikosa walibaki na ujuzi wao. Na waliokwenda, muda ulipokwisha, baadhi walirudi wakijua kabisa mteja hukasirishwa na nini.

Najua yuko mtu pale nyuma ananong'ona: mzee, unawafukuza watoto wetu? Intaneti ipo, kijana akae Ngamiani, hapa hapa Tanga, afanyie kazi kampuni ya Boston, Marekani. Akae, nani kamkataza? Lakini wa Boston atamjulia wapi? Waya wa baharini ulifika Dar es Salaam 2009. Wateja walipanga foleni? Mkataba wa kwanza hupewa mtu anayefahamika. Septemba 2025 Marekani ilipotangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B, vijiweni wakashangilia eti sasa kazi zitakuja kwetu. Zije kwetu kufanya nini, na kampuni za Marekani zina ofisi zao Bangalore na Hyderabad tangu zamani?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, vibali vyetu vya kazi kwa wageni, haraka haraka. Sheria ya Tanzania ya 2015 inamtaka mwajiri wa mgeni awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi. Nzuri. Nani hurudi mwaka wa pili kuuliza karithishwa nani?

Maswali. Na yawe maswali, si hotuba.