Matanga ya Siku Ishirini

Wazee, shikamooni. Na ninyi vijana mliojibanza mlangoni ili mchomoke nikianza kuchosha, nawaona.

Sisi tuliokulia Mwanga, hapahapa Kigoma, muvi tulizijulia kwenye vibanda vya video. Kule mtu akiuawa, basi steringi kapata sababu ya kuanza kazi. Hakuna anayeuliza marehemu ana mama. Mtafsiri naye keshahamia kwenye mapigano.

Kwa hiyo nilipoletewa Forbrydelsen, sizoni ya Denmark ya mwaka 2007, nilidhani flashi imeharibika. Vipande 20, na kifo kinachoanzisha yote ni cha binti mmoja! Anaitwa Nanna, mwanafunzi. Gari linaopolewa majini, mwili umo kwenye buti. Kila kipande ni siku moja ya upelelezi. Piga hesabu. Hapa Kigoma siku ya tatu tumeshaanua matanga, turubai limekunjwa, masufuria yamerudi kwa wenyewe. Wale wanakaa msibani siku 20.

Na kukaa huko ndiko kulikonishika. Mpelelezi, Sarah Lund, ana safari ya kuhamia Sweden, anaiahirisha leo, anaiahirisha kesho, kavaa sweta lake la sufu. Lakini kamera haikai kwake tu, inarudi nyumbani kwa marehemu. Baba ana kazi ya kuhamisha mizigo ya watu. Wateja hawajui msiba, mizigo inasubiri. Wadogo zake Nanna wanataka kula. Nani kwenye muvi za kibandani aliwahi kuwapikia wafiwa?

Halafu washukiwa. Mwalimu wake anashukiwa, kumbe siye. Gari lile ni la kampeni ya mgombea umeya wa Copenhagen, naye anaingia tope. Mnajua wenyewe: ukishapandishwa defenda mchana kweupe, hata ukirudi jioni, jirani hakuamkii vilevile. Muvi ya saa moja na nusu haina nafasi ya kuonyesha hilo.

Ila polepole nayo ina deni. Wamarekani waliitengeneza upya mwaka 2011, wakaihamishia Seattle. Msimu wa kwanza, vipande 13, ukaisha muuaji hajatajwa! Watazamaji walikasirika, na mimi nasema walikuwa na haki. Umeniweka mkekani usiku wote, asubuhi unaniambia maziko mwakani?

Haya, kijana, zima taa ya huko nyuma. Tunaanza kipande cha kwanza kabla umeme haujakatika. Aliyekwisha kuiona, tafadhali, anyamaze.