Aliyekuona Ukifanya Kazi

Wanangu wa uhandisi, nimeulizwa mlangoni kabla hata sijakaa: "Mama, koneksheni za kazi tutazipataje?" Kila mwaka naulizwa hivyo, na kila mwaka naona kalamu zimeshikwa, mnasubiri niwatajie majina ya wakubwa. Wekeni kalamu chini. Sina jina la kuwatajia.

Nilipokuwa mwaka wa tatu nilipelekwa fildi kwenye saiti ya daraja, wiki 8. Wenzangu walijibanza ofisini kwa meneja wa mradi. Mimi niliangukia maabara, ndani ya kontena lenye joto la tanuri, na fundi mmoja wa makamo. Jaribio la koni mnalijua: unajaza zege kwa tabaka 3, kila tabaka unalishindilia kwa fimbo ya chuma mara 25, unavua koni, unapima zege limeshuka kiasi gani. Mzee yule alihesabu kila pigo. Siku moja mkono ulichoka nikaachia kwenye 22. Akamwaga zege lote, nikaanza upya. Siku ya kuondoka tuliacha michemraba ya zege ndani ya maji, ikisubiri kuvunjwa siku ya 28 kupima nguvu yake. Siku hiyo ilipofika nilikuwa chuoni. Nikampigia. "Shikamoo mzee, ile michemraba imefikisha nguvu?" Akanyamaza kidogo. "Marahaba. Mwanafunzi aliyewahi kuniuliza ni wewe peke yako." Akanisomea namba zote, nami nikaandika.

Hatukuongea tena kwa miaka 2. Nimemaliza chuo, nimezungusha bahasha za kaki mji mzima, siku moja simu ikaita. Mzee amehamia kwa mkandarasi mwingine, wanatafuta mhandisi mhitimu. "Nimemwambia bosi kuna binti anafuatilia michemraba." Si ndugu yangu, hatutoki mkoa mmoja, wala sikuwahi kumnunulia hata soda.

Mtasema ni bahati. Si bahati! Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika kuhusu watu waliobadili kazi kwenye kitongoji cha Boston. Katika waliopata kazi kupitia mtu, ni kama 17 tu kwa 100 waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Wengine 28 walionana naye mara moja kwa mwaka, au hata hiyo haikufika. Rafiki mnayelala chumba kimoja anazijua nafasi zile zile unazozijua wewe. Wa mbali ndiye mwenye habari ambayo haijakufikia.

Kuna anayenong'ona huko nyuma kwamba kazi zinagawiwa kwa undugu. Zipo, sikatai, na zinaniuma. Lakini mjomba atakufikisha getini tu. Ninyi mna miaka 3 ya kufanya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijawasajili, na huyo anatazama kazi ya mikono yako, hamtazami mjomba.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. La wasifu na barua za maombi tuliache, mtafundishwa na wengine. Mkihudhuria Siku ya Wahandisi, msizunguke ukumbi mzima mkikusanya namba za simu. Kaa na mtu mmoja, muulize kazi gani inamnyima usingizi sasa hivi, kisha umsikilize mpaka mwisho. Na akikusaidia, mrudie umwambie ilikuwaje.

Wanaokwenda fildi mwaka huu, mkirudi nitawauliza fundi wa maabara anaitwa nani.