Forodhani Bila Kamba

Assalaamu alaykum. Wazee wangu, dada zangu, na nyinyi wanangu mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti. Na mimi nimesimama, basi tuko sawa.

Mwenyekiti amenipa dakika arubaini na mada ndefu kama treni: matukio ya msimu na maisha ya jamii katika Bustani ya Forodhani, hapa ukingoni mwa bahari Mji Mkongwe, Unguja. Wanaonijua wameshaanza kucheka, maana wanajua nitasema lile lile: bustani ya watu isizungushiwe kamba. Nimelisema kwenye mikutano ya wazazi wa skuli. Nimelisema harusini, bibi harusi hajaingia. Nimelisema ndani ya daladala mpaka konda akaniuliza, "Bibi, wewe unashuka wapi khasa?" Leo nitalisema tena, na kama mtanialika mwakani, leteni na mito.

Habari za forodha yenyewe, na treni ya Bububu iliyokuwa ikianzia pale mbele ya Ngome Kongwe, mnazo. Asiyekuwa nazo amuulize aliyekaa naye. Mimi naanza na tao.

Mwaka 1936 pale pakatengenezwa bustani, ikaitwa ya Jubilei, kwa miaka ishirini na tano ya Sultani Khalifa bin Haroub. Watu wakaendelea kuiita Forodhani. Sawa. Miaka ishirini baadaye, 1956, ikaja habari kwamba Princess Margaret, mdogo wake Malkia wa Uingereza, anakuja Unguja. Basi ikawa kazi. Likajengwa tao ukingoni mwa bahari, ili mgeni apite chini yake akitoka majini, aingie bustanini kwa heshima zote. Siku ikafika, na sisi tumesimuliwa hivi na waliokuwepo: mgeni akateremkia kwengine, bandarini. Tao likabaki limekodoa macho baharini.

Sasa nani walilitumia lile tao? Watoto. Watoto wa Shangani, wa Malindi, wa Ng'ambo. Hawakualikwa, hawakuandikiwa barua. Pale ukutani maji yakijaa wakawa wanajitupa, na mpaka leo vijana wanaruka makachu pale pale, kichwa chini miguu juu, na wageni wanapiga picha. Kilichojengwa kwa mgeni mgeni hakukitaka, kikachukuliwa na wenyewe. Kila nikisikia kuna mpango mpya wa Forodhani, huwa nauliza: huu nao ni tao?

Nije kwenye kisa changu. Najua mnakijua. Tulieni.

Ilikuwa Idi ndogo, siku ya pili, miaka michache nyuma. Nina wajukuu wanne, wamevaa nguo mpya zinazonuka dukani, wamekusanya pesa za sikukuu nyumba kwa nyumba, mifuko imetuna. Siku nzima wananiuliza, "Bibi, saa ngapi?" Nikawaambia alasiri, maji yakijaa. Tumekwenda kwa miguu kutoka Mkunazini, mdogo kabisa anaburuza viatu kwa kuwa vilinunuliwa vikubwa ili vifike sikukuu ya mfunguo tatu, yaani Idi kubwa. Tumefika. Tumekuta kamba.

Kamba nyeupe, imezungushwa kwenye miti, na ndani yake mahema, meza zilizovikwa vitambaa, na viti vilivyofungwa utepe kwa nyuma kama vina maumivu ya mgongo. Kijana mmoja mpole sana, fulana imeandikwa jina la kampuni ambayo siitaji, akaniambia, "Shikamoo bibi. Samahani, leo hapa pana shughuli."

Nikamwambia, "Marahaba mwanangu. Na mimi nina shughuli."

"Shughuli gani bibi?"

"Kukaa."

Maskini, akatazama karatasi yake. Kukaa hakukuwemo kwenye karatasi. Akaniuliza kama nina kadi. Nikamwambia kadi yangu ni hii, nikamwonesha mjukuu mwenye viatu vikubwa. Akacheka, lakini kamba hakuifungua, na simlaumu, kamba haikuwa yake. Tukakaa ng'ambo ya barabara kwenye ukingo wa Ngome, tukala malai, tukatazama viti vitupu mpaka magharibi. Wageni wa ile shughuli walifika saa mbili usiku. Kuanzia saa tisa mchana mpaka saa mbili usiku, siku ya sikukuu, bustani ya mji ililindwa isikaliwe na watu.

Sasa nataka wanaume mnisikilize, maana hili nyinyi hamlioni, na si kwa ubaya, ila hamjawahi kulihitaji. Mji Mkongwe umejaa baraza. Kila nyumba ina baraza ya mawe, kila pembe ina kahawa, pana dhumna, pana bao, pana siasa. Nendeni pale Jaws Corner saa kumi na moja jioni mnihesabie wanawake. Nitawasubiri. Baraza za vichochoroni ni zenu. Mwanamke anapita, anasalimu, anaendelea na safari yake. Akisimama, ataulizwa kama amepotea.

Lakini je, mwanamke hataki upepo? Hana miguu inayochoka? Yeye baraza yake ni Forodhani. Ndiyo mahali pekee katikati ya mji ambapo mama atakaa na shoga yake saa tatu usiku, chupa ya chai pembeni, watoto wanakimbizana mbele ya macho yake, na hapana mtu wa kumuuliza anamngoja nani. Marehemu bibi yangu, ambaye mchana hakutoka bila ya dharura, usiku alikwenda Forodhani. Alisema beni, ngoma ya matarumbeta, ilikuwa ikipigwa pale kwenye kibanda chake, naye anasikiliza kutoka gizani, ndani ya buibui, kama mtu yeyote aliyelipa. Basi mkifunga Forodhani jioni moja, mwanamme amepoteza sehemu moja ya kukaa kati ya mia. Mwanamke amepoteza yote.

Hapa huwa ananyanyuka mtu kuniambia, "Bibi, wewe hutaki maendeleo." Leo hajanyanyuka, ila namwona anajikuna. Namjibu hivyo hivyo. Nilikuwepo kabla ya 2008. Nakumbuka vumbi wakati wa kaskazi na tope wakati wa masika, moshi wa mishikaki, karabai zinavuma, na takataka ukutani ambazo sitazieleza mbele ya watu watakaokwenda kula. Walipoifunga mwaka 2008 wale wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, nilinuna. Ilipofunguliwa 2009 nilikwenda kutafuta kosa. Nikatembea juu ya sakafu safi, nikaona taa, nikaona wapishi wamevaa kofia nyeupe kama madaktari, nikanyamaza. Mnanijua, kunyamaza kwangu si kitu kidogo. Kufungwa kule kulikuwa na sababu na kulikuwa na mwisho, na ilipofunguliwa ilifunguliwa kwa kila mtu. Sina ugomvi na fundi. Ugomvi wangu ni na kamba.

Mwengine atasema, "Matamasha yanaleta pesa." Yanaleta. Na mimi nayapenda! Sauti za Busara, tamasha la muziki la Februari, limeanza 2004 na mimi nimecheza, tena si kidogo, goti hili shahidi. Mwaka 2016 lilipokosekana kwa kukosa fedha, mji mzima ulihisi Februari imepungua kitu. Tamasha la Majahazi, lile la filamu, ndilo kongwe zaidi, tangu 1998. Lakini tazameni wenzetu hawa wanafanyia wapi: ndani ya Ngome Kongwe. Ngome ina kuta. Ngome ina mlango. Anayetaka kukata tiketi, ukuta anao tayari, umejengwa na Waarabu wa Oman tangu zama za Wareno kufukuzwa. Halafu muziki unavuka barabara bure, na mama aliyekaa Forodhani na chai yake anausikia kama bibi yangu alivyoisikia beni. Huo ndio ujirani. Mwenye shughuli ya tiketi avuke barabara, hatua hamsini tu.

Ninayotaka kusema leo zaidi ya miaka yote, na hapa walimu wenzangu wa jiografia watafurahi, ni kwamba Forodhani ina kalenda yake tayari. Haisubiri kupangiwa. Wanakaa watu kwenye ofisi yenye kiyoyozi wanatunga ratiba ya matukio ya msimu, robo ya kwanza, robo ya pili. Yakhe, msimu unaujua wewe au unaujua upepo?

Chukueni Idi ndogo. Idi ni mwezi mwandamo. Mwezi ukiandama ni bamvua, maji makubwa, na bamvua kwetu Unguja Mjini maji hujaa alasiri, kiasi saa kumi, saa kumi na moja. Kwa hiyo kila Idi ndogo, mwaka hadi mwaka, iwe kaskazi iwe kusi, watoto wanapofika Forodhani na nguo mpya, bahari nayo imeshafika ukutani inawangoja. Hapana kamati iliyokaa kupanga. Makachu ya Idi ndiyo makubwa kwa sababu mwezi umeamua. Idi kubwa hapana, ile ni tarehe kumi ya mwezi, ni siku za maji mafu, maji madogo, mkienda alasiri mtakuta bahari imekaa mbali kama mkwe. Kijana wa kamba angejua hili asingeweka mahema siku ile, au angeyaweka lakini angeona haya.

Au chukueni Ramadhani. Inarudi nyuma siku kumi, kumi na moja kila mwaka, inazunguka misimu yote. Mwaka 2014 ilianza mwishoni mwa Juni, na Tamasha la Majahazi, ambalo miaka ile kwa kawaida lilikuwa la Julai, likafanyika katikati ya Juni. Hapana aliyegombana. Sasa fanyeni hesabu: Ramadhani inarudi kwenye Februari, mwezi wa Busara. Ya 2027 inatarajiwa kuanza wiki ya pili ya mwezi huo. Mezani itabidi watu wakae tena. Tuliweza mwanzo, tutaweza. Ninachoomba ni kwamba wakikaa, pale mezani awepo mtu wa kuuliza: na mwenye chupa ya chai, baada ya tarawehe, atakaa wapi? Kwa sababu Forodhani ya Ramadhani ni kitu kingine. Mchana kimya, paka wamelala juu ya meza za wapishi kama wenye hisa. Baada ya futari wanaanza kuja mmoja mmoja, baada ya tarawehe wanafurika, na watu wanakaa mpaka karibu na daku. Hapana spika, hapana bango, na ndiyo shughuli kubwa kuliko zote za mwaka.

Na masika. Masika hayamo kwenye ratiba ya mtu yeyote. Mahoteli mengine yanafunga, ndege zinapungua, wapishi wanafunika meza kwa maturubali, na wanaobaki wanauza kwa wenyeji. Hapo ndipo utaona bei ya mshikaki inavyojua kuteremka. Mimi napenda Forodhani ya Aprili kuliko ya Agosti. Mvua ikikatika saa kumi na mbili, mawe yanatoa moshi, miti inadondoka matone, mnakuwa watu thelathini bustani nzima na kila mmoja anamjua mama wa mwenzake.

Mwenyekiti ananionesha vidole vitano. Nilidhani ananipungia.

Basi haraka. La Beit al-Ajaib, lile jumba kongwe la sultani mbele ya bustani: tangu sehemu yake ilipoanguka siku ile ya Disemba 2020 na watu wawili wakafa, bustani imekuwa ikitazamana na jeraha. Hilo linataka mhadhara wake, na mtu mwenye elimu ya majengo, si mimi.

La bei mbili, ya mgeni na ya mwenyeji: wapishi wangu, nawapenda, wengine nimewasomesha, lakini ukinisikia nazungumza Kiswahili cha Mkunazini halafu ukanitajia bei ya piza kwa dola, nitakuuliza jedwali la saba hapo hapo mbele ya wateja.

La kivuli: miti ile ni mikubwa, na kila shughuli inafunga nyaya na taa kwenye matawi. Mti si nguzo. Naliruka.

La viti vya wazee, ninacho kipande kizima hapa, kurasa tatu, naliruka pia, ila mjue kwamba ukingo wa bahari ni mzuri kwa vijana na kwangu mimi kuinuka pale kunahitaji watu wawili na bismillahi.

Nilichoombwa nipendekeze ni hiki kimoja, kimeandikwa kwenye karatasi na nimekwisha kumkabidhi Katibu: siku nne za kila Idi, na usiku wote wa Ramadhani, hapafungwi hata kipande cha Forodhani kwa shughuli ya kadi. Siku nyengine tuzungumze. Mimi si mkali kama wanavyosema.

Nilikuwa na la vyoo pia. Hilo ni refu, lina historia, na lina majina ya watu. Muda sina. Anayelitaka anifuate nje, maana nakwenda huko huko.