Hodi Kwanza, Hata Kama Ufunguo Unao

Habari zenu watu wangu wa Nairobi. Huku Sacramento ni saa nne usiku, kwenu kumekucha tayari. Leo sikupanga kurekodi, ila juzi mdogo wangu wa kike alinipigia simu akilia na tangu hapo usingizi umenikataa.

Anakaa Roysambu, kwenye bedsita, yaani nyumba ya chumba kimoja, ghorofa ya tatu. Amepata kazi Nakuru, kwa hivyo alimwambia keateka, yule msimamizi wa jengo, mapema kwamba atahama. Jumatano akarudi jioni akakuta kitanda kimekaliwa, sufuria imefunuliwa, na nguo zake za ndani alizoanika bafuni zimesukumwa kando. Keateka alikuwa amewaingiza watu wawili kuonyeshwa nyumba, kwa ufunguo wa akiba. Alipomuuliza, jibu lilikuwa, "Si unahama?"

Jamani, hata jirani anayeomba chumvi hupiga hodi, na asipoitikiwa hurudi zake. Mtu amelipa kodi ya mwezi mzima. Mpaka mwezi uishe, hapo ni kwake.

Huku California sheria inamtaka mwenye nyumba atoe notisi ya maandishi kabla ya kuingia, na kwa kawaida saa 24 ndizo huhesabiwa kuwa za kutosha. Aje saa za kazi, tena awe na sababu, kama kurekebisha kitu au kuonyesha nyumba. Dharura kama moto ni jambo lingine.

Najua kuna atakayesema hayo ni ya Wazungu. Hapana. Fungua Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 31: kila mtu ana haki ya faragha, ikiwemo nyumba yake kutopekuliwa. Na Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji anayelipa kodi akae kwa utulivu bila kusumbuliwa. Kukagua nyumba kunaruhusiwa, lakini kwa saa zinazofaa. Keateka kuwa na ufunguo hakumpi ruhusa ya kuingia apendavyo.

Sasa kuhama. Kama unalipa mwezi kwa mwezi bila mkataba wa muda maalum, sheria hiyohiyo inasema notisi isiwe fupi kuliko kipindi unacholipia, na imalizikie siku ya kulipa kodi. Yaani kama kodi yako ni kila tarehe 1 na umetoa notisi Juni 10, Julai yote unailipia. Wengi hapa ndipo hupoteza depoziti, wakidhani siku 30 zinaanza kuhesabiwa siku yoyote.

Mdogo wangu lakini alitia saini mwaka mzima, na amekaa miezi saba. Hapo sitawadanganya, saini ni saini, na kuvunja mkataba kunaweza kukugharimu. Soma ile karatasi mpaka upate mahali panaposema mmoja akitaka kutoka mapema itakuwaje. Usipopaona, mtafute mwenye nyumba mwenyewe, si keateka, na umpelekee mpangaji wa kuchukua nafasi yako. Huku California mwenye nyumba lazima ajitahidi kupangisha tena. Hawezi kuiacha tupu makusudi akudai miezi yote iliyobaki. Nairobi liendee hilo kama ombi, na mkikubaliana, liandikwe.

Kuhusu pa kushtaki, watu hukimbilia Baraza la Kodi za Nyumba, lakini sheria yake inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na bedsita nyingi za Nairobi zimepita hapo zamani. Mtu akikushikia pesa zako, kuna Mahakama ya Madai Madogo, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kujisimamia bila wakili. Ila uwe na ushahidi: risiti za M-Pesa, mkataba, na video ya kuta na sinki uliyorekodi siku ya kuingia na siku ya kutoka. Ukikatwa pesa za kupaka rangi kwenye depoziti, hiyo video ndiyo itakayokusemea.

Jana tuliandika barua pamoja kwa simu. Tarehe ya kuhama, ombi la kuleta mpangaji mwingine, na hili: "Wanaotaka kuona nyumba nitawapokea Jumamosi, saa nne hadi saa sita mchana, nikiwepo. Naomba nyumba isifunguliwe nisipokuwepo." Nakala mbili. Mwenye nyumba ametia saini yake kwenye moja, na mdogo wangu ameipiga picha akanitumia.

Kuhusu depoziti bado hajajibu. Akijibu nitarudi hapa niwaeleze.