Kidau cha Wino: Rehema na Haki katika Oliver Twist

Asanteni sana. Mwenyekiti kanipa dakika chache, kwa hiyo sitawasimulia riwaya nzima ya Charles Dickens. Ile sehemu ya mtoto anayesimama na bakuli kuomba uji zaidi, hata asiyesoma kitabu ameisikia. Mimi nataka tukae kwenye tukio linalofuata kurasa chache baadaye, ambalo wasomaji hulipita mbio.

Oliver ni yatima wa miaka tisa anayeishi katika nyumba ya maskini. Kwa kosa la kuomba uji amefungiwa chumba cha giza, na langoni kumebandikwa tangazo: atakayemchukua mtoto huyu atalipwa pauni tano. Anatokea bwana mmoja aitwaye Gamfield, kazi yake kusafisha dohani. Enzi hizo watoto wadogo walipandishwa ndani ya dohani kukwangua masizi. Gamfield anaeleza, bila haya, kwamba mtoto akikwama huko juu dawa yake ni kuwasha moto chini, atashuka mwenyewe mbio. Kuna fununu kwamba wavulana watatu au wanne wameshamfia mikononi. Wakubwa wa nyumba ya maskini wanalisikia hilo. Mnadhani wanakataa? Wanasema kazi hiyo ni mbaya, basi bei ishuke. Wanapatana pauni tatu na nusu.

Sasa mkataba lazima utiwe saini mbele ya mahakimu. Wamekaa wazee wawili, mmoja anasoma gazeti. Mwenzake macho yamefifia, akili nayo imeanza kurudi utotoni. Anashika kalamu, anatafuta kidau cha wino. Kidau kiko chini ya pua yake hasa, lakini hakioni. Anageuza macho huku na huku akikitafuta, na katika kutafuta huko macho yake yanatua kwenye uso wa mtoto, uliojaa hofu. Anaweka kalamu chini. "Mwanangu, una nini?" Oliver anapiga magoti, anaomba arudishwe gizani, apigwe, afe njaa, lolote, ila asikabidhiwe yule mtu. Hakimu anakataa kutia saini.

Dickens anatuambia waziwazi: kidau kingekuwa pale mzee alipodhani kipo, angechovya kalamu, angetia saini, na mtoto angekwenda zake. Naomba mlitafakari hilo. Sheria ni ileile, hakimu ni yuleyule, karatasi ni ileile. Hakuna aliyepima ushahidi. Mzee hakuona wino, akaona mtoto.

Kwangu mimi riwaya nzima imo humo. Haki katika kitabu hiki ni karatasi, na karatasi haina macho. Rehema inaingia pale mtu anapouona uso, na mara nyingi anauona kwa bahati tu. Baadaye Oliver anafikishwa mbele ya hakimu mwingine, Fang, kwa wizi ambao hakuufanya. Anazimia kizimbani, hakimu anasema anajifanya, anampa miezi mitatu na kazi ngumu. Kinachomwokoa ni muuza vitabu aliyeona tukio, akaja mbio na kulazimisha asikilizwe. Huyo Fang hakubuniwa hewani. Palikuwa na hakimu wa kweli pale Hatton Garden, London, aliyeitwa Laing, maarufu kwa ukali wake, na Dickens aliandika barua kuomba aingizwe kimyakimya mahakamani amwone kwa macho yake.

Tuje kwenye mazingira. Riwaya ilianza kutoka jaridani Februari 1837, mwezi ambao mwandishi alitimiza miaka 25. Miaka mitatu kabla, mwaka 1834, Uingereza ilikuwa imepitisha sheria mpya ya maskini. Wazo lake: msaada utolewe ndani ya nyumba za maskini, na maisha humo yawe duni kuliko ya kibarua wa chini kabisa, ili mtu aogope kuomba. Mume alitengwa na mkewe, na watoto wakatengwa na wazazi wao. Dickens anaitania ratiba ya chakula: uji mwepesi mara tatu kwa siku, kitunguu mara mbili kwa wiki, nusu mkate mdogo Jumapili.

Sisi tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Dickens angeafiki, lakini Oliver wake anamwangusha. Mtoto kalelewa kwa vipigo na mnyapara Bumble, kisha akaangukia kwa wezi, na bado anazungumza kama mtoto wa kasisi! Hapo mimi simwamini mwandishi, na nadhani hata yeye alijua. Ndiyo maana hoja ya mazingira aliiweka mdomoni mwa Nancy, msichana wa genge la wezi hao. Nancy anapomwendea Rose, binti wa familia yenye nafasi iliyompokea Oliver, kwa siri ili kumwokoa Oliver, anamwambia amshukuru Mungu kwamba tangu utoto alikuwa na watu wa kumtunza. Yeye Nancy, tangu kwenye susu, kalelewa na baridi, njaa na ulevi. Rose anampa njia ya kutoka. Anakataa, anarudi kwa Sikes, mpenzi wake jambazi, na huko Sikes anamuua. Rehema ilimfikia, ila ilimfikia akiwa mtu mzima.

Na Fagin je, mzee anayewafunza watoto wizi? Mwandishi anamwita "Myahudi" karibu kila ukurasa. Mwaka 1863 Bibi Eliza Davis, Myahudi wa London, alimwandikia akimwambia amewadhulumu watu wake. Dickens kwanza alijitetea, lakini katika toleo la 1867 alilifuta neno hilo sehemu nyingi.

Jina la Fagin lenyewe lina kisa. Dickens akiwa na miaka 12 alipelekwa kiwanda cha dawa ya viatu kando ya mto Thames, kubandika lebo, na mwaka huohuo baba yake akafungwa kwa madeni gereza la Marshalsea. Siku moja alishikwa na maumivu makali ubavuni. Mvulana mwenzake, Bob Fagin, alimlaza kwenye majani makavu, akajaza chupa tupu maji ya moto, akawa anamkanda nusu siku nzima. Jioni Bob akang'ang'ania kumsindikiza nyumbani. Charles aliona aibu kumwambia habari za gereza. Karibu na daraja la Southwark alisimama mbele ya nyumba asiyoijua, akamwambia ndiyo kwao, akampa mkono. Na kwa kuwa Bob huenda angegeuka nyuma kutazama, alibisha hodi. Mwanamke alipofungua, mtoto akamuuliza: "Samahani, hapa ndipo anapokaa Bwana Robert Fagin?"